SPEA ZA CHINI ZA DATSUN 1200 PIKAPU: ZINAPATIKANA WAPI, NA UTAZIJUAJE?

Wadau, kila anayefufua pikapu ya zamani hukwama sehemu ileile. Injini ikishikwa na fundi mzuri inanguruma. Body inanyooshwa, rangi inapigwa, mkoko unang'aa kama wa harusi. Halafu unaupitisha kwenye tuta la kwanza... gwaa! Springi zimelala, shokapu zilikufa zamani, tairodi inacheza kama jino la mtoto. Ukienda dukani muuzaji anacheka, "Datsun? Hiyo peleka skrepa, kaka."

Usipeleke skrepa kwanza. Leo tuiongelee Datsun 1200 pikapu peke yake, ile ndogo iliyobeba nyanya, maziwa, matofali na mabibi harusi Kenya na Tanzania. Tumeichagua kwa sababu ni mfano mzuri wa gari ambayo dukani inaonekana haina spea, kumbe spea zipo, ila zinaitwa jina lingine. Wenye Pijo, Peugeot 404 na Land Rover za zamani someni pia, njia ya kutafuta haitofautiani sana.

KWANZA IJUE GARI YAKO

Datsun 1200 pikapu ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya saluni yake, ile Sunny ya mwaka 1970. Ilipangiwa kubeba kilo 500, injini A12 ya cc 1171, magurudumu ya inchi 12. Hiyo kilo 500 ikariri, tutairudia, maana huku kwetu hakuna aliyeiheshimu.

Angalia kibati cha chesisi namba kwenye chumba cha injini. Ukikuta B120, ni toleo la kwanza. B121 ilifuata mwishoni mwa miaka ya 70, na B122 ilitoka mwaka 1989. Ukikuta B140, hiyo ni ndugu yao aliyezaliwa Afrika Kusini, na huyo ndiye mkombozi wetu kama utakavyoona.

Sasa chungulia chini. Mbele lazima ukute koili springi imezunguka shokapu iliyosimama wima, moja kila upande. Chini yake kuna mkono mmoja wa kulala, na fimbo ya chuma inayokwenda mbele kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Nyuma ni ekseli ngumu juu ya springi za majani. Kama mbele hakuna koili, badala yake kuna vyuma virefu vya mviringo vinavyokimbia sambamba na chesisi, hiyo si 1200. Ni Datsun 620 au 720, pikapu kubwa zaidi, na spea zake za chini haziingiliani hata kidogo. Wapo vijana wengi wamenunua "bushi za Datsun pikapu" kwa simu, zikafika, zikawa za 720. Muuzaji hakudanganya. Zilikuwa za Datsun pikapu kweli!

Kingine, 1200 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Body na kitako vyote ni kitu kimoja. Maana yake springi ya nyuma imeshikwa na vyuma vya body yenyewe, na kutu ikiingia pale zinaposhikilia, hata ukiweka springi mpya kutoka kiwandani utakuwa unashona kiraka kwenye nguo iliyooza. Chukua bisibisi, gonga pale springi inapoanzia na inapoishia. Ikizama, mpe kazi fundi wa kuchomelea kwanza, hela ya springi isubiri.

JINA MOJA LIMEGEUKA MANNE

Hapa ndipo dili lilipo. Ukiandika "Datsun spare parts" kwenye Google utamwagiwa mambo ya Datsun GO, gari ndogo za bei nafuu zilizotoka baada ya Nissan kulifufua jina la Datsun mwaka 2013 (wakalizika tena mwaka 2022). Hazina uhusiano wowote na babu yako.

Japani pikapu hii iliitwa Sunny Truck, na wapenzi wake wa huko wanaiita kwa kifupi Sanitora. Waliitengeneza hadi mwaka 1994. Australia na New Zealand tafuta kwa jina la Datsun 1200 ute. Na Afrika Kusini ikaitwa Nissan 1400, watu wa mtaani wanaiita 1400 bakkie au Champ. Kiwanda cha Nissan cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kiliendelea kuichomoa mpaka mwaka 2008!

Hebu fikiria. Gari iliyochorwa wakati Tanzania ina miaka tisa tu tangu uhuru, ilikuwa inatoka kiwandani mpya kabisa mwaka 2008. Injini waliikuza ikawa A14, wakabadilisha taa na dashibodi, lakini chini mpango ni uleule, koili mbele, majani nyuma. Gari zilizotembea barabarani kwa wingi hivyo lazima ziwe na viwanda vinavyozitengenezea bushi, shokapu, tairodi na springi. Kwa hiyo unapoandika kwenye kompyuta, andika "Nissan 1400 bakkie" kisha kitu unachotaka. Utashangaa.

Lakini tahadhari. Mpango kufanana haina maana kila bolti inaingia. Bakkie za Afrika Kusini za miaka ya mwisho zina diski mbele, wakati B120 yako ina drami pande zote nne. Ukinunua shokapu za mbele zima zima, nunua pamoja na hapu, diski na kalipa zake, na silinda kuu ya breki inayofaa diski. Ukiacha ile ya drami, diski zinaweza kubaki zimebanwa kidogo muda wote na breki zikachemka. Kama unataka kubaki na drami zako, basi badilisha utumbo wa shokapu tu. Tutafika hapo.

Saluni ya Sunny B110 nayo ni ndugu, na mafundi wengi watakwambia "chukua ya saluni, ni moja." Springi za nyuma za saluni zilipangiwa abiria, si mizigo. Ukizifunga, gari itapendeza ikiwa tupu, ukipakia magunia mawili inakaa chini kama kuku anayeatamia.

NAMBA TANO ZA NISSAN

Hii mafundi wa zamani wa Nissan wanaijua kwa kichwa. Namba ya spea ya Nissan ina sehemu mbili, na tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, sehemu ya pili inasema ni cha gari gani. Springi ya majani ya nyuma inaanza na 55020. Bushi zake 55045. Shokapu ya nyuma 56210. Koili ya mbele 54010, na kile kitako cha mpira juu ya shokapu ya mbele 54320. Bushi za ile fimbo inayokwenda mbele ni 54476. Bolijointi ya chini 40160, tairodi ya nje 48520, na ule mkono wa kufuatia usukani upande wa pili, aidla, ni 48530.

Faida yake nini? Mosi, ukikuta boksi limechakaa kwenye duka la mzee fulani, limeandikwa namba tu, unajua papo hapo ni tairodi au ni bushi hata kama mwenye duka amesahau. Maduka ya zamani ya Kariakoo na Kirinyaga Road Nairobi yana maboksi ya aina hiyo juu kabisa kwenye shelfu, yamejaa vumbi. Pili, muuzaji wa mtandaoni akikwambia "hii ni bolijointi" na picha inaonyesha 48520, ujue mmoja kati yenu anaingizwa mjini.

Usitegemee Nissan wenyewe kurudia kuzitengeneza. Mpango wao wa spea za magari ya kale, ule wa NISMO Heritage, ulianza mwaka 2017 kwa ajili ya Skyline GT-R R32, magari ya matajiri. Kipikapu chetu hakimo kwenye hesabu hizo.

SPRINGI: HAPA USISAFIRI, TENGENEZA

Maoni yangu, na wenye mawazo tofauti karibuni. Springi za majani ni nzito, na mzigo wa ndege unalipia kilo. Kuzileta kwa ndege kutoka Johannesburg ni kumnufaisha mwenye ndege. Tena ni kitu ambacho mafundi wetu wanakiweza kikitengenezwa sawasawa. Gerezani Dar na Kariobangi Light Industries Nairobi kuna watu maisha yao yote ni kukunja chuma.

Tatizo ni namna kinavyokunjwa. Fundi wa haraka haraka anaichukua springi iliyolala, anaigonga nyundo ikiwa baridi mpaka irudi upinde. Siku ya kwanza gari imesimama kama jogoo, baada ya wiki chache imelala tena. Mwingine ni mbaya zaidi, anaichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, anaikunja, halafu anaiacha ipoe hewani. Hapo umeua kabisa ugumu wa chuma, sasa una bati lililopinda.

Inavyotakiwa: chuma kiwe cha springi, si flat bar ya kutengenezea mageti. Kinapashwa moto kufika kama nyuzi 850 za Selsiasi, kinakunjwa, kinazamishwa kwenye mafuta kipoe ghafla, kisha kinapashwa tena moto mdogo zaidi, kama nyuzi 450 hadi 500, ili kisiwe kigumu cha kupasuka kama kioo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Muulize fundi swali moja tu, "ukishazamisha kwenye oili unafanya nini?" Akikujibu "nakupa mzigo wako," shukuru uondoke.

Vipimo vya kumpelekea: upana wa jani, unene wa kila jani kwa kalipa na si kwa macho, idadi ya majani, urefu wa jani kuu toka jicho hadi jicho likiwa limenyooshwa, kipenyo cha jicho, na, jamani, umbali kutoka jicho la mbele hadi senta bolti. Huo wa mwisho ndio unaoamua ekseli ikae wapi. Ukikosea sentimita moja upande mmoja, gari itatembea kiubavu kama kaa, na utazunguka alaimenti mpaka uchoke bila kujua mchawi ni nani. Pima springi zote mbili, kwa sababu inawezekana moja ilishabadilishwa miaka ya 80.

Na hapa ndipo ile kilo 500 inarudi. Wengi wanataka kuongezewa majani "ili ibebe tani." Springi itabeba, sawa. Ekseli, beringi za inchi kumi na mbili zile, breki za drami na vyuma vya body havikuongezwa. Ukishuka mlima Kitonga na tani moja kwenye breki za mwaka 1971 hautakuwa unaendesha, utakuwa unasali. Ongeza jani moja jembamba kama lazima, basi.

Yubolti zikishafunguliwa nunua mpya. Zilivutika siku zilipokazwa mara ya kwanza na hazirudi. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye makala hii na bado watu wanaibania.

BUSHI NA SHOKAPU

Bushi kila mtu anajua zinachongwa kwa matairi mabovu, na kwa springi za nyuma, kwa gari ya kuzunguka mtaani, zinasukuma siku. Sikatai. Ila kwa ile fimbo ya mbele usikubali bushi ya tairi. Pale ndipo gurudumu linaposhikiliwa lisirudi nyuma ukikanyaga breki. Bushi ikinyofoka, usukani unavutwa upande mmoja ghafla. Hizo agiza, ni nyepesi, zinaingia kwenye bahasha. Kama ni lazima uchonge, mpelekee fundi wa kukereza akuchongee za plastiki ngumu ya polyurethane, ukimpa kipenyo cha ndani, cha nje na urefu.

Bushi zenye bomba la chuma katikati zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Ishushe, isimame kwa magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote na utapasuka mapema. Mafundi wengi wazuri wanalisahau hili kwa sababu ya kukimbizana na jioni.

Shokapu za nyuma si kazi. Pima urefu ikiwa imebonyezwa na ikiwa imevutwa, angalia ncha zake kama ni jicho au ni msumari, kisha nenda na vipimo, usiende na jina la gari. Katalogi za KYB, Monroe na Gabriel zinaonyesha vipimo hivyo, na ziko mtandaoni bure, dakika kumi za cafe zinatosha. Shokapu iliyo ndefu mno itagota kabla springi haijamaliza kushuka, na itapasua pale iliposhikwa. Fupi mno itang'oka gurudumu likiingia shimoni.

Mbele ndiko kuna uzuri wa magari haya. Shokapu ya mbele ni bomba, na juu lina nati kubwa ya mviringo. Ukifungua nati hiyo unatoa utumbo mzee, unaweka utumbo mpya uliokuja umefungwa kama katriji, unarudishia. Bomba, hapu na drami vinabaki vyako. Kwa hiyo hutafuti "shokapu ya Datsun", unatafuta katriji yenye kipenyo cha kuingia kwenye bomba lako, urefu sawa, na ncha ya juu yenye nyuzi zinazokubali kitako chako. Weka mafuta kidogo ndani ya bomba kabla ya kuingiza katriji, yanasaidia kutoa joto.

Kabla ya kufungua juu, koili lazima ibanwe kwa vibanio vya chuma, viwili, pande mbili. Si kwa kamba. Si kwa waya wa kufungia nondo. Koili iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuvunja taya au kuua mtu, na kofia ya fundi haizuii. Kama gereji haina vibanio, hamia gereji nyingine.

TAIRODI NA BOLIJOINTI: SEHEMU YA UHAI

Hapa sina utani. Tairodi ikichomoka ukiwa mwendo kasi, huna usukani. Kwenye makorongo na barabara za vumbi kuna "wataalamu" wanaochomelea bolijointi iliyolegea kwa kuifunga doa la welding kichwani. Joto linaunguza mafuta na plastiki ya ndani, inakaza siku tatu halafu inakatika yote. Kataa hata kama fundi ni shemeji yako.

Jina linaloaminika sana huku ni 555 ya Japani, na jina linaloaminika ndilo linaloigwa zaidi. Namba zake zinaanza na SE kwa tairodi, SB kwa bolijointi na SI kwa aidla. Angalia kama herufi zilizo kwenye boksi zinalingana na zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, kama chuma ni laini bila mabaki ya kumwaga, na kama mpira wa vumbi umekaa vizuri. Ichezeshe kwa mkono: mpya inakuwa nzito kuzunguka, kwa ulaini. Ikizunguka kama kikombe kwenye kisahani, hicho ni kimeo.

Mtumba wa springi sawa, mtumba wa hapu sawa. Mtumba wa tairodi hapana.

KUAGIZA BILA KUPIGWA

Mizigo midogo kutoka Afrika Kusini inakuja kwa ndege. Mizito inapanda malori yanayopita Zambia na kuingilia Tunduma, Wakenya wanaimalizia Namanga. Tanzania ni mwanachama wa SADC, kwa hiyo bidhaa iliyotengenezwa Afrika Kusini inaweza kupata nafuu ya ushuru ikiwa na cheti cha asili. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa, si mzigo ukiwa mpakani. VAT haikwepeki.

Kutoka Japani, minada ya Yahoo ya kule inauza spea za Sanitora mara kwa mara, ila utahitaji wakala wa kukununulia na kukutumia, na gharama zake zinaweza kuzidi bei ya spea. Nunua vitu vingi kwa mkupuo mmoja.

Kuna wanaofikiria kuleta gari nzima mbovu waichinje. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, lakini uchakavu unalipiwa. Kwa pikapu hii hesabu haikubali.

Na muuzaji wa mtandaoni asiyejulikana? Mwambie apige picha ya spea ikiwa pamoja na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo, na rula pembeni. Mwenye mzigo anafanya kwa dakika mbili. Tapeli ataanza longolongo: simu mbovu, stoo imefungwa, yuko msibani. Usitume hata senti.

Ukishafunga kila kitu, endesha siku chache taratibu, kisha urudi chini ukaze yubolti tena, maana majani mapya yanajipanga na kulegeza. Alaimenti ifanyike baada ya hapo, si kabla.

Sasa ombi kwa wadau: aliye na B120 ambayo springi zake za nyuma hazijawahi kuguswa tangu kiwandani, tupieni kwenye maoni hapo chini upana, unene wa kila jani, na umbali wa jicho la mbele hadi senta bolti. Andikeni na kodi ya kwenye kibati, maana B120 na B121 tusizichanganye.